Mapanga Yanayokinzana na Taa za Tunduma

Kwa miaka mingi taa za Tunduma ziliwaka kwa umeme ulionunuliwa Zambia. Tulijadili bei yake. Hatukuuliza mitambo inayoufua ilisanifiwa na nani. Swali hilo lina historia.

Katika turbini ya kawaida ya mvuke, safu moja ya mapanga huzunguka na inayofuata husimama, kazi yake ikiwa kuuelekeza mvuke upya. Mwanzoni mwa karne ya 20, ndugu wawili wa Sweden, Birger na Fredrik Ljungström, waliziondoa safu zilizosimama. Waliweka magurudumu mawili yanayotazamana, kila moja likizunguka kinyume cha mwenzake, mvuke ukipita kutoka katikati kwenda nje. Kasi baina ya mapanga ikawa maradufu. Safu chache zikatosha. Gharama yake ni mihimili miwili na jenereta mbili. Mwaka 1913 kiwanda chao kilianzishwa Finspång.

Miongo sita baadaye, fedha za Sweden na Benki ya Dunia zilitusaidia kujenga Kidatu, kilichoanza kufua umeme mwaka 1975. Tulipewa mtambo, ujuzi wa kuusanifu ulibaki kwao. Hata mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 2,115, tumeilipia wenyewe lakini hatukuisanifu.

Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Tunduma hadi Sumbawanga itabadili umeme unakotoka. Utegemezi wa fikra hauondolewi kwa nguzo na nyaya. Huondolewa katika karakana za vyuo vyetu, na bajeti yake hupangwa na baadhi yenu mnaosoma hapa.