Kiti cha Kuazima

Hebu tuambiane ukweli, msomaji. Mtu amekalia kiti cha kuazima, halafu siku moja mwenye kiti anashtakiwa mbele yake. Unadhani atamwona na hatia?

Mimi naandika riwaya (haijaisha, usiniulize itatoka lini). Ndani yake yumo jaji mwoga. Katika kumtafuta jaji huyo nimesoma habari za mahakama za Kenya kuliko nilivyosoma historia yoyote nikiwa Fomu Four. Nilitarajia kukutana na tabia za watu. Nilichokuta zaidi ni masharti ya kazi.

Chukua mwaka 1987. Jaji Derek Schofield, Mwingereza, alikuwa na kesi ya Karanja, mtu aliyekamatwa na polisi na jamaa zake wasimwone tena. Polisi wakasema walimpiga risasi akitoroka, wakamzika. Jaji akaamuru maiti ifukuliwe, iletwe. Makaburi yakafukuliwa kule Eldoret, Karanja hakuonekana. Schofield alipozidi kukaza, faili ikachukuliwa kwake, akaambiwa ahamie Meru. Akaacha kazi.

Mwaka uliofuata jambo hilo likawa sheria. Bunge la chama kimoja, lililotoka kuchaguliwa kwa mlolongo, lilibadilisha Katiba Agosti 1988. Zamani jaji hakufukuzwa mpaka jopo limchunguze. Sasa Rais angeweza kumtimua bila jopo. Na marekebisho hayo hayo yaliwaruhusu polisi kumweka ndani mshukiwa wa kosa la kunyongwa kwa siku 14 kabla ya kumfikisha kortini, badala ya saa 24. Jamani, siku 14! Na yule ambaye ungemlilia, yeye mwenyewe anaogopa kibarua chake.

Kinga ya majaji ilirudishwa 1990, lakini mlango wa kuingilia haukuguswa. Jaji Mkuu aliteuliwa na Rais. Majaji wengine walipendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na wanatume wenyewe walikuwa watu wa kuteuliwa na Rais. Hata ule upasuaji wa 2003, wakati kamati ya Jaji Aaron Ringera ilipowataja majaji 23 na mahakimu 82, mimi siushangilii sana. Baadhi yao walisafishwa baadaye, na waliojaza nafasi waliingia kwa njia ile ile. Ukibadilisha abiria na dereva akabaki yule yule, matatu itakwenda kule kule.

Mlango uliguswa na Katiba ya 27 Agosti 2010. Wanatume 6 kati ya 11 wakawa wa kuchaguliwa na majaji, mahakimu na mawakili wenzao. Nafasi ya Jaji Mkuu ikawa ya kutangazwa, wanaoitaka wahojiwe hadharani, Bunge liidhinishe, Rais ateue. Jaji astaafu akifika miaka 70, na Jaji Mkuu asipitishe miaka 10 kitini. Januari 2011 Rais Kibaki alijaribu kuteua kama zamani. Jaji Daniel Musinga akasema huo ni uvunjaji wa Katiba, na Februari majina yakaondolewa.

Mahojiano yenyewe nayakumbuka. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na tuliyatazama kwa jirani kwa sababu sisi hatukuwa na televisheni. Willy Mutunga, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, aliulizwa juu ya kipuli chake cha sikioni. Mjomba alicheka mpaka chai ikammwagikia: "Huyu mwenye kipuli ndiye atahukumu wazee?" Basi huyo mwenye kipuli akawa Jaji Mkuu. Mimi kilichonishangaza ni kuona mtu mzima, tena msomi, anaulizwa maswali kama sisi mbele ya mwalimu.

Habari ya umri nayo haikupita kimya. Majaji walioingia chini ya Katiba ya zamani walishikilia 74, na Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walipigania hilo mpaka Juni 2016, wakashindwa. Mutunga aliondoka mwezi huo huo, mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Akaja David Maraga, aliyeteuliwa na Rais Uhuru Kenyatta. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, majaji 4 dhidi ya 2, ikafuta ushindi wa Uhuru huyo huyo. Safari hii kiti hakikuwa cha kuazima.

Lakini kalamu ya uteuzi ilibaki Ikulu. Julai 2019 Tume ilipeleka majina 41. Rais akayakalia, ingawa Mahakama Kuu ilisema hana ruhusa ya kuchambua. Juni 2021 aliteua 34, akawaacha 6. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Kati ya hao 6 walikuwamo Joel Ngugi na George Odunga, ambao Mei tu walikuwa katika jopo lililozuia mageuzi ya BBI. Waliteuliwa 13 Septemba 2022, siku Rais mwingine alipoapishwa.

Jaji wangu wa riwayani nimemtoa mwaka 1988 na kumhamishia kwenye miezi ile ya kungoja. Asubuhi anasikiliza kesi dhidi ya serikali, na jina lake bado liko mezani Ikulu. Sura ya tisa hiyo. Sijajua ataamuaje.