Milango ya kalisiamu inavyouendesha moyo na mishipa ya damu

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo hutegemea kufunguka na kufungika kwa vijilango visivyoonekana kwa macho katika utando wa seli za misuli yake. Vijilango hivyo ni protini. Kupitia kwavyo huingia na kutoka ayoni, yaani chembe za madini kama vile sodiamu, potasiamu na kalisiamu zinapokuwa na chaji ya umeme. Baadhi ya dawa zinazotumiwa sana na wagonjwa wa shinikizo la damu hufanya kazi mlangoni papo hapo.

Seli inapopumzika, potasiamu huwa tele ndani, ilhali sodiamu na kalisiamu hujaa nje. Tofauti hiyo huifanya seli ya moyo kuwa mithili ya betri, upande wake wa ndani ukiwa chini ya ule wa nje kwa takriban milivolti 90. Msukumo wa umeme unapowasili, milango ya sodiamu hufunguka ghafla na kufungika baada ya milisekunde chache. Hufuata ile ya kalisiamu, ambayo haina haraka: mkondo wake huendelea kwa karibu robo ya sekunde. Hatimaye potasiamu hutoka nje na kuirejesha seli katika utulivu.

Robo hiyo ya sekunde ni kinga kubwa. Muda huo wote seli haiwezi kuitikia msukumo mwingine, na kwa hivyo moyo haukakamai kama msuli wa mguu unaobanwa na mkakamao. Moyo uliokakamaa haungepata nafasi ya kujaa damu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kalisiamu inayoingia kutoka nje ni kidogo mno. Kazi yake kuu ni kuamsha ghala lililo ndani ya seli, nalo likamwaga akiba yake ili nyuzi za msuli zivutane. Hata hivyo, bila kidogo hicho moyo hunyamaza. Tabibu Mwingereza Sydney Ringer aligundua hayo jijini London mwanzoni mwa miaka ya 1880, na kwa bahati. Mioyo ya vyura aliyokuwa akiichunguza iliendelea kupiga vyema katika maji ya chumvi, hadi alipong'amua kuwa maji hayo yalikuwa ya mfereji wala si yaliyotoneshwa. Yalipotumiwa maji safi yasiyo na madini, mapigo yalififia; kalisiamu iliporejeshwa, yakarudi.

Misuli laini, ambayo hupatikana katika kuta za mishipa ya damu, matumbo, kibofu na mji wa mimba, huitumia kalisiamu hiyo hiyo kwa njia nyingine. Hujikaza polepole na huweza kubaki hivyo kwa muda mrefu bila kutumia nguvu nyingi. Kuta za ateri ndogo zikijikaza kupita kiasi, njia ya damu husongeka na shinikizo hupanda.

Katika miaka ya 1960, Mjerumani Albrecht Fleckenstein alionyesha kuwa dawa fulani huuathiri moyo kana kwamba kalisiamu imeondolewa. Huo ukawa mwanzo wa kundi la dawa za kuzuia milango ya kalisiamu. Swali la haki ni hili: mbona dawa ya kulegeza mishipa haiusimamishi moyo, ilhali milango inafanana? Jibu limo katika ile betri. Seli za mishipa hata zikipumzika huwa na tofauti ndogo ya umeme kuliko zile za moyo, na dawa kama amlodipini hushika barabara mlango ulio katika hali hiyo. Verapamili, kwa upande wake, huugusa moyo zaidi na kupunguza kasi yake. Ndiyo sababu dawa hizi mbili hazibadilishwi kiholela.

Amlodipini huwafanya baadhi ya watumiaji wavimbe vifundo vya miguu. Aghalabu huo si ugonjwa wa figo. Ateri ndogo hulegea kuliko vena, na maji yakavuja kutoka katika mishipa midogo. Wapo wanaoingiwa na hofu na kuacha dawa kimyakimya, shinikizo likapanda tena bila dalili yoyote. Daktari akielezwa anaweza kupunguza kipimo au kuongeza dawa ya aina nyingine.

Wawindaji wa Afrika Mashariki walijua njia nyingine ya kuuvuruga moyo kabla ya maabara kuieleza. Wawaata, waliowinda ndovu katika eneo la Tsavo, walipaka mishale yao sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti. Kiini chake, wabaini, huzuia pampu inayotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Sodiamu ikirundikana ndani, seli hushindwa kuitoa kalisiamu, na moyo hupiga ovyo hadi ukasimama. Pampu hiyo ilielezwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, na baadaye akatumia wabaini kuthibitisha ugunduzi wake. Alituzwa Nobeli ya kemia mwaka 1997. Digoksini, dawa ya moyo inayotokana na mmea wa Ulaya, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na kwa hivyo kipimo chake hakina mzaha.

Potasiamu nayo ina hatari yake. Kwa kawaida kiwango chake katika damu huwa kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Figo zikishindwa kuitoa, betri ya seli hudhoofika na moyo huweza kusimama. Hospitalini mgonjwa wa namna hiyo hudungwa kalisiamu mshipani. Haipunguzi potasiamu hata chembe, bali hutuliza utando wa seli za moyo kwa takriban nusu saa hadi saa moja, huku insulini na glukosi zikiisukuma potasiamu ndani ya seli na mashine ya kusafisha damu ikiandaliwa.