Mafuriko ya Mto Tana: Msaada Ufaao na Haki ya Aliyehamishwa na Maji

Kila masika yakishika huko bara, watu wa Hola, Garsen na Kipini huutazama mto kuliko wanavyotazama mbingu. Kwao huenda hata tone la mvua halijadondoka na jua linawaka, na bado usiku maji yakaingia ndani. Wasomaji kadhaa wameniuliza maswali yanayofanana: kwa nini watu hawa hawahami mara moja wakapumzika, msaada unaotangazwa huishia wapi, na mtu wa Mombasa au Malindi mwenye elfu moja yake aitoe vipi ili ifae. Nimeona niyaandike majibu yote mahali pamoja, mtu aweze kuyarudia mto ukifurika tena. Na utafurika.

Maji haya hutoka wapi

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, kiasi cha kilomita 1,000. Huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita Garissa, Bura, Hola na Garsen, kisha huingia baharini upande wa Kipini. Juu kule umejengewa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Masinga ndilo la juu kabisa na ndilo kubwa kuliko yote. Likiwa na nafasi, huyapokea maji ya mvua na kuyazuia. Likishajaa, kila kinachoingia hutoka, kikateremka bwawa baada ya bwawa hadi kwetu. Kwa hiyo anayesema mabwawa yamemaliza mafuriko amekosea. Yalijengwa kwanza kwa ajili ya umeme. Mafuriko madogo yamepungua, lakini yale makubwa hupita vilevile, tena huwakuta watu wamezoea kujenga karibu zaidi na maji.

Orodha ya miaka mibaya wazee wanayo kichwani. Kuna mafuriko ya 1961, kuna ya El Nino ya 1997 hadi 1998, kuna ya 2018, halafu yakaja mawili yaliyofuatana: ya vuli ya 2023 na ya masika ya 2024. Hayo ya 2024 yaliua watu zaidi ya 250 nchi nzima. Mwezi wa Aprili mwaka huo, barabara ya Garissa ilipokuwa imefunikwa na maji upande wa Madogo, boti iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka, baadhi wakaokolewa na wengine wakafa. Waliopanda boti ile walikuwa wasafiri tu waliokosa njia nyingine.

Jambo moja ningependa msomaji alishike. Maji yakitoka mabwawani huchukua siku kadhaa kabla ya kufika delta. Hayaji kama moto wa makuti. Maana yake ni kwamba muda wa kuonya upo, muda wa kupeleka boti upo, na muda wa kupeleka dawa ya maji na mahema kabla barabara haijakatika upo pia. Msaada wa Tana ukichelewa, si kwa sababu maji yalitushtukiza.

Kwa nini hawahami wakapumzika

Swali hili huulizwa sana na sisi tunaokaa mijini, tena mara nyingine kwa dharau. Mpokomo analima ukingoni kwa sababu mto ukifurika na kushuka humwachia udongo mpya wenye rutuba. Mpunga, ndizi, mahindi na maembe yake vinatokana na maji hayo hayo yanayombomolea nyumba. Muorma na Mwardei huleta ng'ombe delta wakati wa kiangazi kwa sababu kwingine kote nyasi zimekwisha. Mto kwao ni riziki kabla ya kuwa balaa. Usipofurika kabisa, hiyo nayo ni njaa.

Anayeambiwa ahame huwa na maswali matatu: atalima wapi, mifugo itakunywa wapi, na ardhi anayoiacha itakuwa ya nani. La tatu ndilo zito. Sehemu kubwa ya ardhi ile haina hati ya mtu mmoja mmoja, inajulikana kwa ukoo na kijiji. Tusisahau pia kwamba kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma huko Delta, na chanzo kimojawapo kilikuwa ardhi, malisho na njia za kufikia maji. Sehemu iliyoinuka unayoiona wewe kuwa tupu, yeye anajua ni ya nani. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Siku za kwanza: vitu na vipimo

Maji yanapopanda, kinachohitajika kwanza ni chombo cha kuvukia na mtu anayekijua. Mtumbwi wa kijiji umeokoa roho nyingi, lakini hauwezi kubeba mgonjwa, wazee na watoto kwa mara moja, na mamba na viboko wa Tana hawana mafuriko. Boti zenye injini, jaketi za kuokolea na mafuta viwe Hola na Garsen kabla ya msimu. Visianze kutafutwa barabara ikishakatika.

Watu wakishafika mahali pakavu, mara nyingi shule, msikiti, kanisa au kando ya barabara kuu, kuna vipimo ambavyo mashirika ya misaada duniani hukubaliana navyo. Kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Bomba moja lisihudumiwe kwa watu zaidi ya 250. Choo kimoja kitoshe watu 20, na siku za mwanzo kabisa kisizidi watu 50. Kila mtu apate nafasi ya kulala ya mita tatu na nusu za mraba, na chakula cha kalori 2,100 kwa siku. Hesabu hizi kila mchangaji na kila chifu anapaswa kuzijua, kwa sababu ndizo zinazotuonyesha kama kambi ni kambi au ni mkusanyiko wa watu waliotupwa.

Nimewahi kufuatana na lori la michango hadi kambi moja ya Delta. Unga ulikuwepo, tena mwingi. Sufuria zilikuwa chache, kuni zimelowa, na choo cha shule kimejaa. Mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba watoto wake wana siku ya pili na unga kichwani pa hema na njaa tumboni. Unga bila maji, moto na chombo si chakula.

Vitu ambavyo husahaulika kila mara ni hivi: sodo za wanawake na wasichana, taa za kuendea chooni usiku, pazia au hema la kumsitiri mama anayejifungua, dawa za wenye kisukari, presha na ukimwi waliozikimbia nyumbani, na chandarua. Mwanamke anayeogopa kwenda chooni gizani hupunguza kula na kunywa. Hilo ni jambo la afya na la heshima pia.

Ugonjwa huja nyuma ya maji

Maji yakifika vyooni na visimani, kipindupindu hakiko mbali. Kaunti ya Tana River ilikipata tena mwaka wa 2024 baada ya mafuriko. Kinga yake inajulikana: maji yachemshwe au yatiwe dawa, mikono ioshwe kwa sabuni, kinyesi kisiachwe wazi. Anayeharisha aanze kunyweshwa maji ya chumvi na sukari papo hapo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa zahanati. Asingojee asubuhi.

Baada ya wiki chache hufuata mbu, na malaria. Kwa wafugaji kuna jingine: homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo kaskazini mashariki baada ya mvua za 1997 na tena 2006 hadi 2007. Dalili ya kwanza huonekana zizini, mifugo inapotoa mimba kwa wingi. Hapo maziwa yachemshwe, nyama ya mnyama mgonjwa isiguswe, na daktari wa mifugo aitwe. Ndiyo maana msaada wa Tana usio na daktari wa mifugo ni nusu msaada. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe amepoteza akaunti yake ya benki, na gunia la maharagwe halimrudishii.

Jukumu ni la nani

Hapa ndipo watu huzungushwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka kukabiliana na majanga kwa serikali ya kitaifa na pia kwa serikali za kaunti. Zote mbili zinahusika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake. Msalaba Mwekundu wa Kenya, ulioundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, husaidia serikali. Hauchukui nafasi yake.

Kuna sheria nyingine ambayo nadra kuisikia ikitajwa kambini: ile ya mwaka 2012 ya kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani. Watu hudhani inawahusu tu waliofukuzwa na ghasia za uchaguzi. La hasha. Inamtaja pia aliyehama kwa sababu ya janga la asili. Inataka aliyehama atafutiwe suluhisho la kudumu: arudi kwao kwa usalama, au akae pale alipohamia, au apewe makao mahali pengine, naye mwenyewe awe na kauli katika uamuzi. Kwa hiyo mtu wa Tana aliye chini ya turubali haombi fadhila. Anadai haki iliyoandikwa.

Basi ukimwona mwakilishi wa wadi akipiga picha na magunia, muulize kwa adabu: hazina ya dharura ya kaunti ilikuwa na kiasi gani kabla ya mvua, na ilifunguliwa tarehe gani?

Orodha ya majina

Mzozo mkubwa kambini huwa ni orodha. Ikiandikwa na mtu mmoja chumbani, hujaa jamaa zake. Nilichoona kikifanya kazi ni majina kusomwa hadharani, wazee wa pande zote wakiwepo, wanawake wakiwepo, na kila kijiji kikiruhusiwa kupinga jina. Wafugaji waandikwe hata kama hawalali kambini, maana wengi hubaki na mifugo mbali. Orodha ikionekana ni ya kabila moja katika nchi ya Tana, umewagawia watu unga na ugomvi pamoja.

Maji yakishuka

Kamera huondoka maji yakishuka, na hapo ndipo kazi huanza. Nyumba ya udongo imelala, kisima kimejaa tope, shule imeharibiwa na waliolala ndani yake, mbegu zimeoza. Udongo ukiwa bado na unyevu, kuna majuma machache tu ya kupanda. Mbegu za mahindi na kunde zikifika wakati huo, familia itavuna na kujitegemea. Zikifika mwezi mmoja baadaye, itategemea lori hadi mwaka ujao. Ningekuwa na uwezo wa kuamua jambo moja tu, ningeamua hilo la mbegu.

Pale masoko yanapofanya kazi na barabara zimefunguka, pesa kwa simu hufaa kuliko shehena. Mwenye nyumba anajua kama anahitaji mabati, dawa au karo, na duka la Garsen nalo linapata mteja.

Ukitaka kuchangia

Kwanza, usipeleke nguo kabla hujauliza. Nimeona magunia ya nguo za sherehe na viatu vya visigino yamerundikwa kwenye matope. Pili, misikiti na makundi ya vijana yaungane, lori moja liende na vitu kumi vinavyohitajika badala ya malori kumi kwenda na unga. Tatu, mpigie mtu aliye kule umuulize ni kijiji gani hakijafikiwa. Vile vya kando ya lami hupata mara tatu, na vya ndani ya delta, kama Ozi na Chara, hungojea boti. Nne, mpe Mpokomo Mkristo kama unavyompa Muorma Mwislamu. Mwenye njaa haulizwi anasali wapi. Kuhusu zaka, wanavyuoni wapo, waulizwe. Lakini mlango wa sadaka uko wazi kwa kila mja. Tano, weka kiasi kidogo kwa ajili ya mwezi wa tatu baada ya mafuriko, wakati hakuna anayechangisha tena.

Vuli na masika huja kila mwaka, na mabwawa yako palepale. Boti, dawa ya maji na mbegu vinaweza kuwekwa akiba sasa, mto ukiwa bado umo kwenye kingo zake. Anayesoma haya na ana jamaa Tana, ampigie leo amuulize kijiji chao kimepanga kukimbilia wapi, na ni nani mwenye boti.