Jiang Ping, Mwalimu wa Sheria Aliyepokonywa Kila Kitu Isipokuwa Darasa

Raia akidhulumiwa na afisa wa serikali, aende wapi? China ya baada ya mapinduzi ya 1949 ilikaa miaka mingi bila sheria kamili ya kulijibu swali hilo. Ilipopitishwa mwaka 1989, mmoja wa walioongoza kuiandika alikuwa Profesa Jiang Ping, mwalimu mwenye mguu bandia, aliyefariki Beijing tarehe 19 Desemba 2023 akiwa na miaka 92.

Jiang Ping alizaliwa Dalian, mji wa bandari kaskazini mashariki mwa China, mwaka 1930. Ndoto yake ilikuwa uandishi wa habari, na ndio aliokwenda kuusomea katika Chuo Kikuu cha Yenching. Sheria hakuichagua. Mwaka 1951 serikali mpya ilimpeleka Urusi ya Kisovieti na kumpangia masomo hayo. Akaanzia Kazan, akamalizia Moscow, akarudi nyumbani 1956 kusomesha sheria Beijing.

Hakukaa hata mwaka mmoja kwa raha. Mwaka 1957 Mao aliwaalika wasomi watoe maoni kuhusu makosa ya chama, kisha akawageukia wale wale waliosema. Zaidi ya watu laki tano walipachikwa jina la wapinzani wa mrengo wa kulia, na kijana Jiang akawa miongoni mwao. Mkewe, ambaye walikuwa wameoana punde tu, alishinikizwa amwache, wakaachana. Yeye akapelekwa vilimani nje ya Beijing kufanya kazi za sulubu. Siku moja, wakivusha nyaya kwenye njia ya reli, aligongwa na gari la moshi, akapoteza mguu. Hapo bado hajatimiza miaka 30.

Miaka ishirini na kitu ikapita hasomeshi sheria. Alisomesha Kirusi, na chuo kilipovunjwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni akawa mwalimu wa sekondari huko Yanqing. Chuo kilifufuliwa 1978, na mzee akarudi na somo ambalo wengi walikuwa hawajalisikia: sheria ya Warumi, yaani mambo ya mkataba, deni na mali ya mtu binafsi. Katika nchi ambayo neno "mali yangu" lilikuwa karibu na kosa, hilo halikuwa somo dogo. Alikuwa mmoja wa wataalamu wanne waliosaidia kuandika sheria ya madai ya 1986, yenye vifungu 156, iliyosema kwamba wahusika katika mambo ya madai wako sawa mbele ya sheria.

Mwaka 1988 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Siasa na Sheria cha China. Sheria ya kumruhusu raia kuipeleka idara ya serikali mahakamani ilipita tarehe 4 Aprili 1989. Wiki chache baadaye wanafunzi walijaa uwanja wa Tiananmen. Mkuu huyu, na mguu wake ule, aliketi chini langoni mwa chuo akiwasihi wanafunzi wake wasitoke, kwa kuwahofia. Lakini walipoanza mgomo wa kula, alitia saini barua ya wazi pamoja na wakuu wengine wa vyuo, wakiitaka serikali ikae nao izungumze. Februari 1990 akaondolewa ukuu. Ile sheria aliyoihangaikia ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo. Hata ingelianza mapema isingelimfaa kitu, maana masuala ya kuteua na kuondoa watumishi wa serikali yaliachwa nje ya mahakama.

Alirudi darasani. Sheria ya mali, aliyoipigania pamoja na wenzake, ilikawia kwa sababu wapinzani walisema itawalinda matajiri walioiba mali ya umma. Ilipita Machi 2007. Sisi wa Mombasa, tunaozijua nyumba bila ardhi, tutalielewa upesi jambo moja ndani yake. China ardhi ya mjini ni ya serikali, na mwenye nyumba hupewa haki ya kuitumia kwa miaka 70. Je, miaka ikisha? Sheria hiyo ikasema haki ya ardhi ya makazi itaendelea yenyewe. Suala la malipo ikaliacha kimya.

Wapo watakaosema alikuwa mpole mno, kwamba alifanya kazi ndani ya mfumo ule ule uliomuumiza. Mimi naona alikuwa mkaidi kwa njia yake. Mwaka 2010, akikaribia miaka 80, alisema hadharani kwamba utawala wa sheria China unarudi nyuma. Wala hakupenda kuitwa mwanazuoni mkubwa. Alijiita mwalimu na mwanaharakati wa sheria. Katika kampasi ya chuo chake huko Changping lipo jiwe lenye herufi nne kwa mwandiko wake, maana yake dunia itawaliwe kwa sheria. Wanafunzi hupigia picha hapo siku ya kuhitimu.