Neno kwa Neno: Maandishi hayako njiani
Kwa fundi mmoja wa mihuri hapa Kihoto, Naivasha, nimesikia kijana akiagizwa: "Weka jina njiani." Hapana! Kilicho njiani bado hakijafika, kama mgeni aliyetoka Nakuru akakwama Gilgil. Jina kwenye muhuri wa duara limeshafika, linafuata njia, yaani mchoro unaoongoza herufi. Neno njia lenyewe silikatai. Ni la Kibantu, ndugu wa njĩra ya Kikuyu, nalo limebeba mwendo ndani yake. Mstari, tuliopewa na Kiarabu, hauwezi kushika nafasi yake: wengi huuona umenyooka. Wala tao halitoshi: ni kipande tu cha duara. Katika programu ya kuchorea ya Inkscape, ukiipinda njia, herufi hugeuka nayo, na bado unaweza kusahihisha tahajia. Basi mwambie kijana: "Jina lifuate njia."