Kichaa: Maana na Matumizi ya Neno, Kutoka Pwani Hadi Islii

Kichaa ni hali ya akili kuvurugika. Pia ni mtu aliyepatwa na hali hiyo. Kisarufi ni nomino (kichaa, vichaa), lakini likifuata nomino nyingine hufanya kazi ya kivumishi: mtu kichaa, dereva kichaa, mbwa kichaa. Mbwa kichaa ni mnyama, kichaa cha mbwa ni ugonjwa wenyewe. Tusilichanganye na kicha, yaani fungu la mboga au maua.

Neno hili lina jamaa zake: wazimu, mwendawazimu, mwehu na majununi. Majununi limetoka Kiarabu, na shina lake ni lile lile la jini. Ndiyo maana wazee wetu wakiona mtu kabadilika ghafla, swali la kwanza huwa ni nani kamshika, si nini kinamuuma.

Matumizi ni matatu. Kwanza, ugonjwa: "ameshikwa na kichaa." Pili, tabia ya kupita mpaka: dereva wa matatu ya namba 6 au 9 akipanda kando ya barabara kuelekea Islii, abiria watamwita kichaa ilhali akili zake ni timamu. Tatu, mzaha wa marafiki: "Wewe kichaa kweli!"

Islii, yaani Eastleigh, imepakana na Pumwani na Majengo, mitaa ya Waislamu wa zamani wa Nairobi. Hapo Kiswahili hukutana na Kisomali, na kichaa hukutana na waalan. Mteja akikata bei ya dera kupita kiasi, muuzaji anaweza kumuuliza, "Ma waalan tahay?" Yaani, una wazimu? Wote watacheka, biashara iendelee.

Lakini Wasomali wana neno jingine lisilochekesha: buufis. Lilivuma katika kambi za wakimbizi za Dadaab, likitaja hamu ya kuhamishiwa ng'ambo inayomtawala mtu mpaka akakosa raha na usingizi, na wengine wakapotewa na akili safari ilipokataliwa. Ukimwita kijana wa namna hiyo kichaa, umefunga mlango wa kumuuliza yaliyomsibu.

Hospitali ya Mathari, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, haiko mbali na Islii. Jina lake limegeuzwa tusi Nairobi, kama Port Reitz ilivyogeuzwa tusi Mombasa. Matokeo yake, jamaa huona haya kumpeleka mtu wao, hukaa naye ndani mpaka hali izidi.

Basi tulitumie neno kwa mahali pake. Dereva na rafiki watalibeba. Mgonjwa tumwite mgonjwa wa akili, au tuseme anaugua. Kisomo asomewe, na hospitali apelekwe. Kimoja hakizuii kingine.