Kioo Kikubwa, Mistari Ileile

Sisi wa Bara tulianza kwa kusikia tu habari za televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973, tena ya rangi tangu mwanzo. Vituo vya Bara vilianza mwaka 1994, na hapa Songea picha ilitukawilia zaidi. Televisheni yangu ya kwanza ilikuwa ya inchi 14, kipimo kinachokwenda pembe hadi pembe. Majirani wa Bombambili walijaa sebuleni, watoto mkekani, na hakuna aliyelalamika kwamba picha ni mbaya.

Miaka mingi baadaye wanangu waliniletea ya inchi 55. Nikaiunganisha na mashine ya video ili nimwone marehemu mama yao katika arusi ya mdogo wake. Loo! Uso ulikuwa mpana kama sinia, lakini macho na tabasamu vilikuwa ukungu mtupu.

Nilidhani mkanda umeoza. Kumbe ni hesabu. Picha ya zamani ilikuwa na mistari 625, na iliyoonekana ni 576 tu. Kioo cha inchi 14 kina kimo cha sentimita 21 hivi, kwa hiyo kila mstari ulikuwa na unene wa milimita 0.37. Itandaze mistari hiyohiyo kwenye inchi 55, kila mmoja unapita milimita 1. Kwa umbali wa mita 3, jicho zima huanza kutenganisha vitu kwenye milimita 0.9 hivi. Ningehitaji kukaa mita 4 nyuma, na sebule yangu haina mita 4. Tena mkanda wa video huhifadhi mambo machache kuliko matangazo yenyewe.

Mwaka 1936, London ilipoanza kurusha picha za mistari 405, ziliitwa za ubora wa juu. Leo jina hilo ni la mistari 1080. Ajabu ni kwamba mistari hiyo 1080, ikiwekwa kwenye inchi 32, kila mmoja una unene uleule wa milimita 0.37. Mistari imeongezwa ili kioo kiweze kukua.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Kioo kikubwa nacho hupokea kila kasoro na kuianika.

Nikaitoa ile ya inchi 14 stoo, nikaipangusa vumbi. Ikawaka. Mama watoto alikuwa mdogo kama kiganja, lakini alikuwa anacheka, na meno yake yalionekana.